Kifo cha Chris Kyle na kelele zilizofuata: jibu kwa kijana wa Nkuhungu

Swali: Shikamoo, mama. Mimi ni kijana wa Nkuhungu hapa Dodoma, naendesha bodaboda. Juzi kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu walionyesha muvi ya Chris Kyle, yule mdunguaji wa Kimarekani aliyepigana Iraki. Mwishoni yanatokea maandishi tu kwamba aliuawa na mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akimsaidia. Kijiweni tukagawanyika. Mmoja akasema aishiye kwa upanga hufa kwa upanga, na kwamba hata mwanasiasa mmoja mkubwa wa Marekani alisema hivyohivyo. Mwingine nusura ampige. Mimi nimelelewa kwamba marehemu hasemwi vibaya. Naomba unieleze ilikuwaje, watu wa kule walikipokeaje kifo kile, na je, waliomsema walikosa utu? Nauliza pia kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa JWTZ, akapelekwa Kongo kulinda amani, na tangu arudi hayuko sawa. Kuna rafiki yake anataka aende naye porini kuwinda ili achangamke.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo linalonikosesha utulivu, na nitalifikia. Niruhusu kwanza nieleze tukio lenyewe, maana mabishano ya kijiweni kwenu na hali ya baba yako mdogo yanakutana mahali pamoja.

Chris Kyle alizaliwa mwaka 1974 huko Odessa, Texas. Alijiunga na Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1999, akaingia kikosi maalumu cha SEAL, akaenda vitani Iraki mara nne, ikiwemo miji ya Falluja na Ramadi, akaacha jeshi mwaka 2009. Alihesabiwa kuwa ameua watu 160 kwa bunduki yake, idadi iliyotajwa kuwa kubwa kuliko ya mdunguaji mwingine yeyote katika historia ya jeshi la nchi hiyo. Januari 2012 akatoa kitabu cha maisha yake, kikasomwa nchi nzima. Uraiani alijitolea kuwasaidia wanajeshi wastaafu waliorudi na majeraha ya mwili na ya akili. Alishiriki kuwapatia vifaa vya mazoezi nyumbani, alikaa nao, alizungumza nao, na mara nyingine aliwachukua kwenda kulenga shabaha.

Mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwenye shule waliyosoma watoto wa Kyle alimwomba amsaidie mwanawe, Eddie Ray Routh, kijana wa miaka 25 aliyetumikia kikosi cha Marine kati ya 2006 na 2010. Routh alikuwa amepelekwa Iraki mwaka 2007, kisha Haiti mwaka 2010 baada ya lile tetemeko. Alikuwa ameshalazwa zaidi ya mara moja kwa matatizo ya akili, na alitoka hospitalini siku chache tu kabla ya safari ile. Jumamosi, 2 Februari 2013, Kyle na rafiki yake Chad Littlefield walimchukua kwa gari hadi uwanja wa shabaha wa Rough Creek Lodge. Wakiwa njiani, wale marafiki wawili waliandikiana kwa simu kimyakimya, Kyle akisema huyu mtu hana akili sawa, Littlefield akimjibu amlinde mgongo. Alasiri hiyo wote wawili waliuawa kwa risasi na Routh, ambaye aliondoka na gari la Kyle na kukamatwa usiku uleule.

Sasa, walikipokeaje. Kwa wengi ulikuwa msiba wa taifa. Tarehe 11 Februari watu wapatao 7,000 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa timu ya Dallas Cowboys huko Arlington, na jeneza likawekwa katikati ya uwanja. Kesho yake msafara ulilisindikiza hadi makaburi ya serikali ya Texas jijini Austin, zaidi ya kilomita 300, mbali kuliko kutoka hapa Dodoma hadi Morogoro. Njia nzima watu walisimama kandokando ya barabara na juu ya madaraja wakiwa na bendera, katika mvua na baridi. Wenzake wa SEAL walipigilia beji zao za dhahabu juu ya jeneza kwa ngumi, kama ilivyo desturi yao. Kwa watu hao, Kyle alikuwa mtu aliyelala juu ya mapaa ya nyumba za Iraki ili watoto wa wenzao warudi salama. Huo ulikuwa ukweli kwa familia nyingi. Askari waliokuwa chini mtaani, huku yeye akiwa juu ameshika bunduki, walirudi kwao na wakalea watoto.

Sauti ya pili ilisikika mapema, hata kabla hajazikwa. Mwanasiasa aliyetajwa na mwenzako ni Ron Paul, mbunge wa muda mrefu kutoka Texas ambaye alikuwa amestaafu mwezi mmoja tu kabla. Tarehe 4 Februari aliandika kwenye Twitter sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kifo cha Kyle kinaelekea kuthibitisha kwamba aishiye kwa upanga hufa kwa upanga. Ya pili ilisema kumtibu mtu mwenye kiwewe cha vita kwenye uwanja wa risasi hakuingii akilini. Paul mwenyewe ni daktari, na alitumikia jeshi la anga kama daktari katika miaka ya 1960, kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua lolote kuhusu jeshi wala tiba. Hasira zilizomshukia zilikuwa kubwa. Wastaafu wa jeshi, wajane, hata watu waliokuwa wakimpigia kura miaka yote walimjia juu. Mwanawe, Seneta Rand Paul, alitoa tamko lake akimwita Kyle shujaa. Baadaye mzee akaandika maelezo marefu zaidi, akasema kifo kile ni cha kusikitisha na kwamba kama mtu aliyewahi kuvaa sare anaisikitikia familia.

Hizo sentensi mbili nimezifikiria mara nyingi. Mwenzako kijiweni ameichukua ya kwanza na kuiacha ya pili. Watu wa Marekani nao walifanya hivyohivyo. Ya kwanza ni hukumu, na ilitolewa kwa mjane ambaye mume wake hajafukiwa. Ilichukuliwa katika Injili ya Mathayo, lakini pale bustanini Yesu alimwambia mfuasi wake aurudishe upanga mahali pake wakati vurugu inaendelea, kuzuia damu isimwagike. Hakuyasema juu ya maiti. Halafu haikuwa hata kweli kwa tukio lenyewe. Kyle hakufa kwa sababu ya vita vyake. Alikufa akijaribu kumsaidia mgonjwa. Mwalimu, muuguzi au mchungaji angeweza kufa vilevile siku ile, na Littlefield, ambaye hakuwa mwanajeshi kabisa, alikufa vilevile.

Sentensi ya pili ilikuwa swali halali la kitabibu. Ilistahili kuulizwa na kila hospitali, kila kikundi cha wastaafu na kila familia yenye askari aliyerudi na shida. Ikazama. Nani angeisikiliza baada ya ile ya kwanza? Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa kuliko utovu wa adabu. Neno lililowahi kabla ya wakati wake lilizima swali lililokuwa na uwezo wa kuokoa watu.

Unauliza kama waliomsema walikosa utu. Twende polepole, maana desturi uliyolelewa nayo ina hekima kuliko tunavyoisema kwa kifupi. Tunasema marehemu hasemwi, lakini mazikoni kwetu, awe Mwislamu au Mkristo, mtu husimama akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, aonane na familia. Umesikia tangazo hilo mara ngapi? Maana yake desturi yetu inakubali kabisa kwamba mtu anaweza kufa akiwa na madeni kwa watu. Inachokataa ni mdai kuja kupiga kelele juu ya jeneza. Inampa mlango wa kuingilia na mtu wa kuonana naye. Tunachoita heshima kwa marehemu ni utaratibu wa lini, wapi na kwa nani, na kwa utaratibu huo mwenye haki anasikilizwa na mwenye msiba anaachwa alie.

Wapo waliokuwa na madai ya haki juu ya Chris Kyle. Watu wa Ramadi na Falluja walikuwa na yao. Wale 160 walikuwa na mama zao. Kyle aliandika katika kitabu chake kwamba hajutii, akawaita watu aliopigana nao kwa maneno yanayolingana na kuwaita washenzi, na akasema anatamani angeua zaidi. Mtu akikasirishwa na maneno hayo simlaumu, nami yananiuma. Wapo pia Wamarekani walioamini kwamba vita vya Iraki vya mwaka 2003 vilianzishwa kwa sababu za uongo, kwamba hazikuwepo silaha za maangamizi zilizotajwa, na walipoona msafara ule wa Texas walihisi kwamba vita vyenyewe vinasafishwa kwa kupitia jeneza la mtu mmoja. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mazishi makubwa ya askari husemea vita kila mahali, hata pale ambapo familia inataka kumzika baba tu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Aliyesema baada ya maziko, kwa ushahidi, kuhusu vita na kuhusu maneno ya Kyle mwenyewe, hakukosa utu. Aliyeshangilia kwamba baba wa watoto wawili amepigwa risasi alikosa. Na aliyetaka kumpiga mwenzake kijiweni kwa sababu ya mtu wa Texas aliyefariki mwaka 2013, mwambie apoe. Kyle hakuwa mdeni wake wala ndugu yake.

Waliomfanya mtakatifu nao walikuwa na shida yao. Kitabu kilitaja nishani nyingi kuliko alizokuwa nazo, na mwaka 2016 Jeshi la Majini lilisahihisha rekodi: Silver Star moja na Bronze Star nne za ushujaa. Hizo bado ni heshima ambayo askari wengi hawaifikii maishani, na hazikuhitaji nyongeza. Gavana wa zamani wa Minnesota, Jesse Ventura, alifungua kesi akidai hadithi moja ya kitabuni ilimchafua. Alishinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2014 wakati Kyle ameshafariki, rufaa ikabatilisha fidia ile mwaka 2016, na mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana. Mambo hayo yakawa silaha kwa wapinzani wake, na mashabiki wakayaona kama matusi kwa kaburi. Ile muvi mliyoiona kibandani, iliyoongozwa na Clint Eastwood, ilipotoka, moto ukawaka upya, na Texas ikaitangaza tarehe 2 Februari 2015 kuwa siku ya Chris Kyle.

Utakatifu wa namna hiyo unamdhuru hasa mstaafu anayeumwa. Kyle mwenyewe alieleza kwamba alipotoka jeshini alikunywa sana, alipotea kwa muda, na kwamba kuwasaidia wenzake kulimsimamisha. Ukimfuta Kyle huyo ukabaki na sanamu isiyotetemeka, unamwambia kila askari anayeamka usiku akiloa jasho kwamba yeye si mwanaume kamili. Nimekaa na familia za wanajeshi wastaafu wa hapa Dodoma na Singida kwa miaka mingi, na sentensi ninayoisikia zaidi kutoka kwa wanaume hao ni "askari haumwi kichwa". Wanaisema huku mikono inacheza.

Katika barua yako umemtaja Kyle, umemtaja aliyemuua, umemtaja mwanasiasa. Hukumtaja Littlefield. Sikulaumu, maana dunia nzima ilifanya hivyo. Alikuwa na miaka 35, mume na baba, rafiki aliyekubali kupoteza Jumamosi yake kumsindikiza mwenzake kwenye jambo la wema. Vichwa vya habari viliandika "Kyle na mtu mwingine". Familia yake ilizika mtu wao huku taifa likizika wake. Kipimo ninachokitumia mimi kuona kama jamii imeomboleza au imebishana tu ni hiki: je, yule asiye na jina ametajwa? Kule alitajwa, lakini mara nyingi kwa kifupi, nyuma ya jina la Kyle.

Ukitaka kulinganisha na kwetu, mfano upo. Luteni Jenerali Imran Kombe aliongoza brigedi katika vita vya kumwondoa Idi Amin, akawa mnadhimu mkuu wa JWTZ, kisha mkurugenzi wa Usalama wa Taifa. Mwaka 1996, akiwa ameshastaafu, aliuawa kwa risasi na askari polisi mkoani Kilimanjaro. Polisi walieleza kwamba walilifananisha gari lake na gari la wizi. Askari walishtakiwa. Wakati ule hapakuwa na mitandao ya kijamii, tulikuwa na redio na magazeti, na wala watu hawakubishana kama Kombe alikuwa shujaa au la. Walinong'ona. Kwenye mabasi, kwenye vilabu vya pombe, majumbani, kila mtu alikuwa na yake ya kuuliza nani yuko nyuma ya jambo lile. Sisemi minong'ono ile ilikuwa kweli. Ninachokisema ni kwamba jamii mbili zilifiwa na wanajeshi maarufu kwa risasi, moja ikapiga kelele juu ya thamani ya marehemu, nyingine ikanong'ona juu ya siri ya kifo chake. Wamarekani walimjua muuaji siku ileile na kesi ilikuwa ya wazi, kwa hiyo hawakuwa na kitendawili. Kilichowabakia ni kugombania maana. Sisi tulikuwa na maelezo ambayo wengi waliyaona mepesi kwa kifo cha mtu mzito. Pale maelezo yanapokuwa mepesi, uvumi hujaa, na hakuna amri ya serikali inayouzuia.

Nirudi kwa Routh, kwa sababu yeye ndiye daraja la kufika kwa baba yako mdogo.

Kesi yake ilisikilizwa Stephenville, Texas, Februari 2015, wakati ile filamu ingali inajaza kumbi za sinema. Fikiria kuwapata wazee wa baraza wasio na upande katika mji ule, mwezi ule. Mawakili wake walisema alikuwa na ugonjwa mkubwa wa akili, kwamba aliamini watu waliomzunguka ni viumbe nusu mtu nusu nguruwe na kwamba wale wawili wangemuua yeye. Upande wa mashtaka ulisema akili yake ilivurugwa na bangi na pombe, na kwamba alijua analofanya ni kosa, ndiyo maana alikimbia. Tarehe 24 Februari baraza lilijadiliana kwa saa zisizofika tatu, likamtia hatiani. Kwa kuwa adhabu ya kifo haikuombwa, alipewa kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka.

Sheria ya Texas inamtaka mshtakiwa athibitishe kwamba kwa sababu ya ugonjwa mkubwa wa akili hakujua kitendo chake ni kibaya. Kosa akijua, hata kama anasikia sauti, utetezi umeanguka. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu yetu ni kipana zaidi: kinamwangalia mtu ambaye ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya, au asiweze kukitawala kitendo chake. Mahakama ikiridhika, hutoa uamuzi maalumu kwamba alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, na mtu huyo huzuiliwa kama mgonjwa. Wengi wao huletwa hapahapa Dodoma, Taasisi ya Isanga, chini ya Hospitali ya Mirembe. Sijui kama umewahi kulitazama jengo lile ukipita na abiria na kufikiri kwamba ndani yake kuna watu ambao sheria imewatambua kuwa ni wagonjwa. Sisemi Routh angeachiliwa kwetu. Ushahidi wa bangi na pombe ungembana hapa pia. Nasema kwamba swali la ugonjwa wake lilistahili utulivu ambao taifa lile, katikati ya kilio na filamu, halikuwa nao.

Na hapa nina neno na wakazi wenzangu wa Dodoma. Tumelifanya jina la Mirembe kuwa tusi. Mtoto akifanya utundu tunamwambia atapelekwa Mirembe. Dereva akikatisha vibaya tunamwambia ametoroka Mirembe. Hiyo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko mlangoni kwetu, watu wanasafiri kutoka mikoa ya mbali kuifikia, na mstaafu wa Nkuhungu anaona haya kushuka kwenye daladala mbele ya geti lake. Utani huo unaua watu. Naomba uanze wewe kuuacha kijiweni kwenu.

Sasa baba yako mdogo. Hukueleza "hayuko sawa" vipi, kwa hiyo nitagawa mara mbili, na wewe utazame mwenyewe.

Kama analala vibaya, anaota yaliyopita na kuamka anapiga kelele, anashtuka mlango ukijibamiza, hataki kusikia habari za Kongo, anakaa peke yake, amekuwa mkali kwa watoto, amepoteza hamu ya vitu alivyopenda, na hali hiyo imepita mwezi mmoja, hizo ni dalili za kiwewe. Kinatibika. Kuna mazungumzo maalumu ya tiba yanayomrudisha mtu kwenye kumbukumbu zake kidogokidogo akiwa salama, na kuna dawa, sertraline mojawapo, zinazosaidia wengi. Tena naomba uwaambie wenzako jambo hili kwa sauti: idadi kubwa kabisa ya watu wenye kiwewe cha vita hawamdhuru mtu yeyote. Baada ya kifo cha Kyle, wastaafu wengi wa Marekani waliogopa kwamba waajiri na majirani watawaona wote kama Routh. Mtu mwenye kiwewe ni hatari kwa nafsi yake zaidi kuliko kwa jirani.

Kama anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, anaamini kuna watu wanamfuatilia au kumwekea sumu, anazungumza mambo yasiyoungana, halali kabisa siku mfululizo, anakunywa au kuvuta bangi ili atulie, au ametamka kuua au kujiua, hilo ni jambo la leo, halisubiri wiki ijayo. Kujiua muulize waziwazi, kwa upole: "Baba, umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Watu huogopa kwamba kuuliza kunampandikizia wazo. Hakumpandikizii. Wengi hupumua, kwa sababu kuna mtu hatimaye ameuliza.

Kuhusu kuwinda: hapana. Rafiki yake ana nia njema, kama Kyle alivyokuwa nayo, na wazo lake lina chembe ya ukweli. Askari wengi hufunguka wakiwa wanafanya jambo pamoja na wenzao, wakitazama mbele, kuliko wakiwa wamekalishwa kwenye kiti mbele ya mtu wa kalamu. Chembe hiyo ichukueni. Waende shamba, wakalime zabibu au kuchunga, watembee hadi mlimani, wakae na wenzake wa zamani wanywe chai. Wanajeshi wastaafu wana muungano wao, MUWAWATA, na mazungumzo ya mtu aliyevaa sare ileile yana nguvu ambayo mimi sina. Lakini bunduki isiwepo. Kurudishwa kwenye mlio wa risasi ni sehemu ya tiba pale tu panapokuwa na mtaalamu, mpango, na mgonjwa aliyetulia kiasi cha kuweza kusema basi. Porini na silaha iliyojaa, na mtu ambaye hakuna aliyempima, hamna lolote kati ya hayo. Kama kuna bunduki nyumbani kwake au kwa rafiki huyo, iondolewe alipo wiki hii, funguo zikae kwa mtu mwingine. Fanyeni vivyo hivyo na sumu ya shamba.

Kisha mpelekeni hospitali. Kliniki ya wagonjwa wa nje ya Mirembe ipo, na mkiona jina hilo litamfukuza, anzeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na muombe kuonana na watu wa afya ya akili. Nendeni asubuhi, wewe pamoja na mtu mmoja anayemheshimu, mkewe au kaka yake mkubwa, msiwe umati. Msimdanganye kwamba mnakwenda mjini kununua kitu. Akigundua njiani hatawaamini tena. Mwambie ukweli kwamba mmeona halali, na mmekuja kumsindikiza. Andika kwenye karatasi kabla hamjatoka: hali ilianza lini, analala saa ngapi, anakunywa nini na kiasi gani, amewahi kusema nini kuhusu kufa, anatumia dawa zipi. Daktari ataihitaji karatasi hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe akiulizwa atasema hajambo. Na akipewa tarehe ya kurudi, iandike kwenye simu yako, umfuate siku hiyo na pikipiki yako mlangoni kwake.